Soma jua, pima maji: mwongozo kamili wa kukadiria umwagiliaji kwa mashamba ya Moshi na Arusha

Nyanya za tambarare ya Moshi zinaweza kunywa mwezi wa pili karibu mara mbili ya zinavyokunywa mwezi wa saba. Bado mashamba mengi hufungua koki kwa muda ule ule mwaka mzima. Wanaojaribu kurekebisha hali hiyo kwa takwimu za jua hukwama pale pale kila mara: hesabu inatoa lita 2,000 kwa robo heka, au lita 26,000, wanaona haina maana na kuiacha.

Kanuni ni fupi na kalkuleta ya simu inaimaliza. Kinachoiharibu ni vipimo vilivyochanganywa, takwimu za mahali pengine, na kusahau kukagua udongo. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Kila moja inategemea iliyotangulia.

## Vifaa

- Simu yenye intaneti na kalkuleta.
- Daftari la shamba.
- Kipimajoto kinachohifadhi joto la juu na la chini la siku.
- Kipimamvua, au kopo lenye kuta zilizonyooka na rula.
- Vikopo 12 vidogo, na bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa (bila sindano) la kupimia maji.
- Tepu ya mita, saa, na jembe au chepe.

Kipimajoto kitundike kivulini, kimo cha mita 1.5 hadi 2, penye hewa inayopita. Usikiweke chini ya bati wala ukutani. Bati la saa nane mchana litakupa joto la bati, na hesabu yote itapanda nalo.

## Hatua ya 1: Badilisha shamba kuwa mita za mraba

Milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Huo ndio ufunguo wa kila kitu kinachofuata.

Ekari moja, ambayo mtaani tunaiita heka, ni mita za mraba 4,047. Robo heka ni 1,012. Angalia hapa: ukisoma jedwali la wataalamu linalosema hekta, hiyo ni mita za mraba 10,000, karibu heka mbili na nusu. Watu wamemwaga maji mara mbili na nusu ya mahitaji kwa sababu ya herufi moja.

Pima eneo lililopandwa tu. Njia ya toroli, kibanda na uzio havinywi maji.

## Hatua ya 2: Pata namba ya jua

Namba tunayoitaka ni nishati ya jua inayoangukia mita 1 ya mraba iliyolala bapa kwa siku nzima, kwa megajuli (MJ). Tunaitaka kwa sababu kugeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke kunahitaji takriban MJ 2.45. Jua ndilo linalolipa gharama hiyo, kwenye udongo na kwenye majani.

Njia ya kwanza ni NASA POWER, hifadhi ya mtandaoni ya takwimu za setilaiti, isiyolipiwa. Chagua takwimu za siku kwa siku, weka alama ya shamba kwenye ramani au andika latitudo na longitudo yake. Moshi mjini ni takriban −3.35 na 37.34, Arusha mjini −3.37 na 36.68. Kipengele cha jua kina jina ALLSKY_SFC_SW_DWN.

Alama ya kutoa mbele ya 3 usiisahau. Ukiandika 3.35 bila alama, ramani itakupeleka upande wa North Horr, nyika ya kaskazini mwa Kenya. Takwimu zitashuka vizuri kabisa, bila onyo lolote, na zitakuwa za jua la huko.

Sasa sehemu inayoangusha wengi. Tovuti hiyo hukuuliza wewe ni mtumiaji wa aina gani. Ukichagua kilimo, "Agroclimatology", namba ya jua huja kwa MJ. Ukichagua nishati, "Renewable Energy", namba ile ile huja kwa kilowati-saa (kWh). Kilowati-saa 1 ni MJ 3.6. Hapo ndipo zinapotoka zile lita 2,000 na 26,000: ni jibu moja lililogawanywa au kuzidishwa kwa 3.6. Kabla ya kunakili namba yoyote, soma kipimo kilichoandikwa juu ya faili.

Fundi sola akikwambia "hapa tuna masaa sita ya jua", anamaanisha kWh 6 kwa mita ya mraba. Zidisha kwa 3.6 upate MJ 21.6. Hazungumzii saa ambazo jua lilionekana. Hilo ni jambo jingine, tunalifikia sasa hivi.

Njia ya pili, bila intaneti. Takwimu za setilaiti hubaki nyuma kwa siku kadhaa. Ukitaka namba ya jana, hesabu saa ambazo jua liliwaka kiasi cha kijiti kutoa kivuli chenye ukingo unaoonekana wazi. Kivuli kikififia kwa wingu, simamisha hesabu. Kisha:

Jua = (0.25 + 0.5 × saa za jua ÷ 12) × nishati ya juu ya anga

Tunagawa kwa 12 kwa sababu huku karibu na ikweta mchana haubadiliki sana. Nishati ya juu ya anga ni ile ya jua kabla hewa na mawingu hayajaipunguza. Kwa MJ, kwa latitudo yetu ni takriban hii: Januari 37, Februari na Machi 38, Aprili 36, Mei 34, Juni 32, Julai 33, Agosti 35, Septemba 37, Oktoba 38, Novemba na Desemba 37.

Mfano wa Februari: saa 8.5 za jua. 8.5 ÷ 12 ni 0.708, nusu yake 0.354, ongeza 0.25 upate 0.604, zidisha kwa 38. Jua ni MJ 23.

Programu za simu zinazopima mwanga kwa kamera ziache. Zinapima mwanga unaoonwa na jicho, kwa dakika hiyo moja tu. Kumbukumbu za pampu ya sola nazo zina mtego: tanki likijaa saa tano asubuhi pampu inazima, na siku yenye jua kali itasomeka kama ya mawingu.

## Hatua ya 3: Kagua namba kabla ya kuitumia

Hata siku isiyo na wingu, hewa hupunguza jua. Kwa mwinuko wa Moshi na Arusha, dari ni takriban MJ 29 mwezi Januari hadi Machi, na MJ 25 mwezi Juni na Julai. Namba iliyopita dari ni kosa. Wiki nzima ya Februari yenye jua kali ikikupa wastani wa 6 au 7, umeshika kWh ukadhani ni MJ.

Tafuta pia −999. Ni alama ya siku isiyo na takwimu. Ikiingia kwenye wastani wa wiki, hupati hata namba chanya. Ifute siku hiyo na ugawe kwa siku zilizobaki.

Kuna udhaifu mmoja usiofutika kwa kalkuleta. Takwimu za jua za NASA POWER hutolewa kwa visanduku vya digrii 1, karibu kilomita 111 kila upande. Kisanduku kimoja kinabeba Marangu, Moshi mjini na mashamba ya miwa ya TPC. Mwezi wa saba Marangu inaweza kushinda ndani ya wingu huku tambarare ikiwaka jua tangu asubuhi, na setilaiti ikawapa nyote wastani mmoja. Ukiwa mlimani au bondeni kabisa, hesabu saa za jua mwenyewe kwa wiki mbili na ulinganishe. Tofauti ikizidi MJ 3 kwa siku, amini kijiti chako.

## Hatua ya 4: Pata joto la wastani

Jumlisha joto la juu na la chini la siku, gawa kwa 2. Juu 33 na chini 19 ni wastani wa 26.

Tumia kipimajoto cha shambani kila inapowezekana. Joto hupungua takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Shamba la Ngaramtoni na la Mbuguni yapo mkoa mmoja, lakini ukiyapa joto moja mojawapo utalidanganya.

## Hatua ya 5: Kokotoa maji yanayochukuliwa na jua

Hii ni kanuni ya Hargreaves ya mwaka 1975, iliyopangwa upya ili ipokee MJ moja kwa moja:

Upotevu kwa siku (mm) = 0.0055 × jua (MJ) × (joto la wastani + 17.8)

Tuchukue mfano wa wiki moja ya Februari kwenye tambarare chini ya Moshi: 23.1, 24.6, 22.8, 25.0, 19.4, 23.7 na 24.4. Jumla ni 163.0, wastani 23.3. Joto la wastani 26.

0.0055 × 23.3 × 43.8 = milimita 5.6 kwa siku.

Wiki ya Julai yenye mawingu, jua MJ 14.5 na joto la wastani nyuzi 20:

0.0055 × 14.5 × 37.8 = milimita 3.0 kwa siku.

Tumia wastani wa siku 7, si siku moja. Jibu lililo kati ya milimita 2 na 7 ni la kawaida kwa maeneo yetu. Nje ya hapo, rudi hatua ya 3.

Kanuni hii haioni upepo wala ukavu wa hewa. Kwenye tambarare zilizo wazi, Agosti hadi Oktoba upepo ukivuma mchana kutwa, itakupa pungufu. Sisi huongeza asilimia 10 na kuuacha udongo utoe hukumu. Mwenye takwimu za upepo na unyevu atumie programu ya bure ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) iitwayo CROPWAT, inayozihesabu zote.

## Hatua ya 6: Zidisha kwa zao lako

Namba ya hatua ya 5 ni ya uwanja wa nyasi fupi zenye maji ya kutosha. Nyanya zilizofunga jani, yaani majani yamefunika ardhi, hunywa zaidi. Miche ya wiki iliyopita hunywa kidogo. Vizidishi vya FAO, kwa mpangilio wa mwanzo, zao likiwa kamili, na mwisho:

- Nyanya: 0.6, 1.15, 0.8
- Hoho: 0.6, 1.05, 0.9
- Kitunguu: 0.7, 1.05, 0.75
- Kabichi: 0.7, 1.05, 0.95
- Maharage machanga: 0.5, 1.05, 0.9
- Mahindi: 0.3, 1.2, 0.35 yakikaukia shambani
- Ndizi za mwaka wa pili: 1.0, 1.2, 1.1
- Kahawa: 0.95 mwaka mzima, 1.1 kukiwa na magugu chini

Usiruke ghafla kutoka namba ya mwanzo kwenda ya katikati. Kwa nyanya, kaa kwenye 0.6 wiki tatu za kwanza baada ya kuhamisha miche, kisha panda 0.1 kila wiki hadi 1.15. Kuwapa miche maji ya zao kamili ndiko kunakoozesha mizizi na kuosha mbolea ya kupandia.

Kihamba, yaani shamba la nyumbani, chenye migomba juu na kahawa chini usikijumlishie 1.2 na 0.95. Jua ni moja: nishati iliyotumika kwenye jani la mgomba haifiki tena kwenye kahawa. Tumia 1.2 kwa eneo lote.

Nyanya zetu zimefunga jani: 5.6 × 1.15 = milimita 6.44 kwa siku. Kwa mita za mraba 1,012 ni lita 6,517.

## Hatua ya 7: Toa mvua

Mvua ya chini ya milimita 5 usiihesabu. Hulowesha majani na vumbi, kisha jua linaichukua. Iliyozidi 5, hesabu robo tatu. Mvua ya milimita 14 inakupa (14 − 5) × 0.75, yaani 6.75: umeokoa siku moja ya nyanya hizi.

Kama ulimwagilia jana jioni na udongo umeshiba, mvua hiyo haina pa kukaa. Usiitoe kwenye zamu zijazo kama vile imehifadhiwa.

## Hatua ya 8: Geuza lita kuwa dakika

Maji unayotoa si yote yanayofika mzizini. Kwa dripu (laini za mipira zenye matundu ya kudondosha maji) iliyotunzwa gawa kwa 0.9, kwa springla 0.75, kwa mifereji ya matutani 0.55, na mfereji wa kichanga au uliojaa nyufa unaweza kuwa chini ya hapo.

Dripu: 6,517 ÷ 0.9 = lita 7,240 kwa siku.
Mifereji: 6,517 ÷ 0.55 = lita 11,850 kwa siku.

Dripu. Pima matundu mwenyewe. Laini huandikwa, kwa mfano, lita 1.6 kwa saa, lakini kipimo hicho hutolewa kwa mgandamizo ambao tanki la mita 1 au 2 juu ya ardhi halifikii.

Weka vikopo chini ya matundu 12: manne karibu na tanki, manne katikati, manne mwisho kabisa wa laini. Fungua koki, subiri laini zijae, kinga maji kwa dakika 6, upime kwa bomba la sindano. Mililita 120 kwa dakika 6 ni lita 1.2 kwa saa.

Kabla ya kuendelea, chukua vikopo vitatu vilivyopata kidogo zaidi, gawa wastani wao kwa wastani wa vyote 12. Ukipata chini ya 0.8, acha hesabu. Safisha chujio, fungua ncha za laini maji yatoke na tope, ziba panapovuja, pima tena. Hakuna muda wa koki utakaoponya laini iliyoziba: mwisho utakauka au mwanzo utazama.

Laini zikiwa mita 1 moja kutoka nyingine na matundu kila sentimita 30, robo heka ina matundu takriban 3,373. Mara lita 1.2 ni lita 4,048 kwa saa. 7,240 ÷ 4,048 ni saa 1 na dakika 47. Aliyeamini 1.6 ya kwenye karatasi angefunga baada ya saa 1 na dakika 20, na nyanya zake zingekosa robo ya maji kila siku.

Nyanya hizo hizo Julai, kwa milimita 3.0, zinahitaji lita 3,880: dakika 58.

Tanki likiwa dogo, gawa maji asubuhi na alasiri.

Mfereji. Hapa swali ni siku ngapi kati ya zamu, na jibu linatoka kwenye udongo. Udongo wa tifutifu hushika takriban milimita 140 za maji kwa kila mita ya kina; wa kichanga 60 hadi 100. Mizizi ya nyanya tuihesabu nusu mita. Nyanya huanza kuumia asilimia 40 ya akiba ikishatumika. Kitunguu huumia mapema zaidi, kwenye 30.

140 × 0.5 × 0.4 = milimita 28. Gawa kwa 6.44: siku 4. Kila zamu ya siku 4 inahitaji lita 47,400. Pima mfereji kwa ndoo mahali maji yanapodondoka: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 4, una lita 5 kwa sekunde, na zamu yako ni saa 2 na dakika 38.

Tatizo ni kwamba zamu ya mfongo, yaani mfereji wa pamoja, mara nyingi huja kila baada ya siku 7, na wengi hufidia kwa kufurika. Haisaidii. Kwenye udongo huu nyanya zina akiba ya siku 4 tu kabla ya kuanza kuumia. Maji yanayozidi hushuka chini ya mizizi pamoja na mbolea, na siku ya sita nyanya zinanyauka vile vile. Yanayosaidia ni matatu: kutandaza nyasi kavu kati ya mistari, kuchimba kibwawa cha kuhifadhi sehemu ya zamu, au kupanda eneo dogo zaidi msimu wa jua kali. Kwa zamu ya siku 7 na udongo wa kichanga, tunashauri hilo la tatu bila kusita.

## Hatua ya 9: Uliza udongo

Mara moja kwa wiki, kabla ya kumwagilia, chimba mahali pawili: karibu na tanki au mdomo wa mfereji, na mwisho wa shamba. Chukua udongo wa sentimita 15 na wa sentimita 30, uufinye kiganjani.

Tifutifu iliyo sawa hufanya bonge linaloshikana, likaacha unyevu mkononi bila kudondosha maji. Likivunjika na kuwa unga kwenye sentimita 30, maji ni pungufu. Ukifinya na maji yakachuruzika kati ya vidole, umezidisha. Chimba hadi sentimita 60 mara moja kwa mwezi: kukiwa na tope huko wakati mizizi iko juu, unalipia dizeli ya kunywesha ardhi.

Mmea nao una lugha yake. Nyanya zinazooza kitako au kupasuka kila baada ya zamu zinalalamikia maji yanayokuja kwa kishindo kisha kukatika. Jani linalolegea saa nane mchana na kusimama tena jioni ni la kawaida. Linaloamka asubuhi limelegea lina kiu, au mizizi yake imeugua.

Upande wa Kahe na maeneo mengine ya chini yenye magadi, ukiona ukungu mweupe juu ya tuta, fahamu kuwa hesabu hii haina maji ya kuosha chumvi. Hapo mwone afisa ugani kwa kipimo cha udongo kabla ya kuongeza chochote.

Udongo ukipingana na kalkuleta, badilisha muda wa koki kwa asilimia 10, ngoja wiki nzima, chimba tena. Ukibadilisha kwa nusu nzima siku moja hutajua kilichosaidia. Andika kwenye daftari tarehe, jua, joto, mvua, dakika za koki, na neno moja la udongo: kavu, sawa, au tope. Neno "sawa" likijirudia wiki tatu mfululizo pande zote mbili za shamba, vizidishi vyako vimekaa. Baada ya hapo kila Jumatatu una kazi ya dakika kumi tu: namba mpya ya jua, joto la wiki, na muda mpya wa koki.